Nywele za Mzee wa Kanisa

Mwezi uliopita tulimzika Ta Rwezaura, na wasifu wake umenikasirisha kuliko kifo chake. Niliketi chini ya turubai, kofia mapajani, nikiwa tayari kuhuzunika kama watu wengine. Mjukuu wake akasimama na karatasi tatu zilizopigwa chapa, akasoma alipozaliwa marehemu, alipobatizwa, watoto aliowaacha, hadi akafika mahali akasema: "Vilevile marehemu, kwa moyo wake wa kupenda maendeleo, alimsaidia kijana mmoja kufungua chumba cha kwanza cha kinyozi hapa Nyakatuntu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wawili watatu wakageuka kunitazama wakitabasamu, kwa kuwa kijana huyo ni mimi. Nikahisi damu inapanda kutoka nyayoni. Binti yangu, aliyekaa kando yangu na ananijua, akanishika koti na kuninong'oneza, "Baba, ni marehemu." Nikamwambia najua ni marehemu, nimemnyoa mara elfu tisa, nakijua kichwa chake kuliko waliomzaa. Nikala ndizi za msibani, nikarudi nyumbani. Lakini mimi nilisoma masomo ya jioni nikahitimu, cheti ninacho, na mtu mwenye cheti hakubali karatasi ya mwenzake iwe ya mwisho. Hii hapa ya kwangu.

Mwaka wenyewe ulikuwa katika ile miaka ya hamsini, wakati neno Uhuru huku kwetu lilikuwa bado linasemwa kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu Kihanga, kwenye kibaraza cha kinyozi mmoja mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito, nikimnolea nyembe kwenye ngozi, nikimshikia kioo, nikifua vitambaa vya shingoni, na mwishowe nikinyoa vile vichwa alivyoviona havina hadhi: vya watoto, vya walevi, vya watu waliokuja na haraka zao. Jioni nilikwenda darasani kwa mwalimu wa dini aliyetufundisha kusoma, kuandika, hesabu na usafi wa mwili. Nilisoma kwa pupa. Haukupita muda nikawa mwandishi wa barua wa Kihanga nzima. Nimeandika barua za posa, za kuomba radhi, za kumtisha shemeji, na nasema bila kujisifu kwamba robo ya ndoa za upande ule zilitoka kwenye kalamu yangu. Nikaanza kuota mahali pangu mwenyewe. Nilikichoka kibaraza. Nilitaka chumba chenye mlango, kiti cha kuegemea, na kioo kikubwa ukutani, mteja ajione kichwa chote kwa mpigo badala ya kuonyeshwa sikio moja moja.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wajukuu zangu hawalijui, kwa maana wao wananyolewa mjini na kuacha nywele zao sakafuni kama maganda ya karanga. Zamani zile, huku Karagwe na Kyerwa, kinyozi hakuwa na ufagio. Mtu alikuja kunyolewa na jani lake kavu la mgomba, akalitandaza mapajani au chini ya kigoda, nywele zikaangukia humo. Ukimaliza, alilikunja mwenyewe, akaondoka nalo, akaenda kulifukia kwenye kibanja chake, chini ya mgomba wake, mahali anapopajua yeye. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu alijua kwamba mwenye nywele zako anaweza kukushika, hata akiwa mbali, akakufanya ukonde, ukose usingizi, ugombane na mkeo. Wakatoliki walichukua jani lao, Walutheri walichukua la kwao. Mwalimu wetu wa jioni alisema huo ni ujinga, na mimi darasani nilikubali kwa sauti kubwa, kisha nikinyolewa nililichukua jani langu.

Nyakatuntu niliichagua kwa kuwa ilikuwa mbali na Kihanga, nisije nikamnyang'anya vichwa kinyozi aliyenifundisha, na kwa kuwa ilikuwa na gulio lililojaa watu msimu wa kahawa. Hapo ndipo alipokuwa Ta Rwezaura. Ta ni baba, tunamwita hivyo kila mwanamume aliyetuzidi umri na heshima. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba, Mlutheri, mzee wa kanisa, mwenye safu ya vyumba vinne chini ya bati moja na sauti ya kuombea watu. Jumapili alisimama mbele na kuwakemea wanaoogopa nywele zao. "Nywele ni takataka," alisema, na mimi mwenyewe nilimsikia. "Mungu amezihesabu zikiwa kichwani. Zikishaanguka hana habari nazo." Maneno matamu. Nilimpenda tangu siku ile, nikasema huyu ni mtu wa kisasa mwenzangu.

Alinikaribisha kwake. Nakikumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka vyumba nilivyolala jana na juzi. Sakafu ilitandikwa nyasi mbichi zenye harufu kali ya mvua. Kulikuwa na viti viwili vya kigeni ambavyo hakuna aliyevikalia, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kikubwa kama kiganja, kilichozungushwa kwa kila aliyeingia. Mkewe, Ma Kemilembe, alileta ndizi na maharage juu ya majani, mvuke unapanda hadi darini, na nilikula nikahesabu mikungu mitatu, sawa, labda miwili. Halafu alirudi nyuma ya ukuta wa matete, ambako alisikia kila neno, na mara kwa mara alikohoa.

"Kajuna," Ta Rwezaura akaniambia, "kile chumba cha mwisho unakiona?"

"Nakiona, Ta."

"Kimekaliwa na mbuzi. Ukikitengeneza kikawa chumba cha watu, kaa humo miaka mitatu, sikuulizi kitu. Baada ya hapo tutazungumza kama mtu na mwanawe."

Nyuma ya matete Ma Kemilembe akasema, "Mwandikiane."

Mumewe akacheka. "Msikie huyu. Mtoto amwandikishe baba yake?"

Na mimi nikacheka, tena nikacheka kumzidi. Hilo ndilo kosa langu, na nikilikumbuka nataka kuirudia miaka ile nijipige kofi. Mimi, niliyeandika mikataba ya mbuzi, ya mashamba, ya mahari za watu nisiowajua, kalamu ikiwa mfukoni mwangu saa ileile, niliona aibu kumwambia mtu ninayemwita Ta aweke dole gumba kwenye karatasi. Ningeonekana sina adabu. Huku kwetu unaweza kumwandikisha mgeni, unaweza kumwandikisha adui, lakini mtu uliyekula ndizi zake na kutafuna kahawa yake utamtoleaje karatasi? Tukatafuna kahawa, basi, mambo yakaisha.

Nilifanya kazi kwenye chumba kile kama watu kumi na wawili. Nilitoa samadi ya mbuzi ambayo ingetosha kurutubisha Kagera nzima. Nilichimba udongo mwekundu, nikausiliba, nikaupigapiga sakafuni kwa gogo mpaka ukawa mgumu hata ukidondosha yai linaruka. Kuta nilizipaka udongo mweupe wa bondeni, mara tatu. Nikapanua dirisha ili jua la asubuhi liingie kwenye shingo ya mteja, kwa kuwa shingo ndiyo inayomfichua kinyozi mbaya. Kisha nikakileta kioo. Kilikuwa mlango wa kabati la nguo, nilikipata kwa seremala wa Ihembe, nikakibeba mgongoni kimefungwa blanketi, nikatembea siku mbili kama mwenye mtoto mchanga. Niliogopa wezi. Basi nikakijengea ukutani kabisa, udongo ukakishika pembe zote nne, mwizi akikitaka aondoke na nyumba. Nilijiona mjanja. Ta Rwezaura alipita kila siku kuangalia kazi, mikono nyuma, anasimama mbele ya kioo, anajikagua meno, anasema, "Kioo hiki kizuri sana, mwanangu." Nilidhani ni baba anajivunia mtoto. Alikuwa anatathmini mali.

Kilibaki kiti. Seremala yuleyule alikuwa ananitengenezea, chenye mgongo unaolala na mahali pa kuegemeza kisogo. Nikaenda Ihembe kukichukua, nikakuta hajamaliza, nikasubiri, nikamsaidia kupiga randa, nikarudi nimekibeba kichwani. Njia nzima watu walinisimamisha. "Unampelekea nani kiti, mfalme?" mwanamke mmoja aliuliza. Nikamwambia nampelekea mfalme yeyote mwenye nywele. Nilicheka peke yangu milima yote ile. Furaha ya namna ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu ananisamehe kwa kuwa ameshasikia hadithi hii.

Nilipofika nilikuta mlango uko wazi na mtu yuko ndani. Alikuwa Simeoni, mpwa wa Ta Rwezaura aliyetoka Muleba juzi yake, kijana mrefu mwenye koti jeupe na mashine mpya ya kunyolea mkononi, anaifungua na kuifunga kama mtu anayeuliza inakula nini. Ta Rwezaura alikuwa mlangoni. Akakitazama kiti kichwani pangu.

"Umefika, mwanangu. Kazi nzuri. Kiweke pale karibu na kioo."

"Huyu ni nani, Ta?"

"Huyu ni Simeoni, mtoto wa dada yangu. Atakuwa kinyozi hapa. Wewe utakaa naye umwonyesheonyeshe, mpaka azoee."

"Na miaka mitatu?"

"Ipi?"

Sikuwahi kusikia neno fupi likichukua nafasi kubwa hivyo. Niliuliza tena, akanijibu kwa upole wa kanisani kwamba tulizungumza mambo mengi siku ile, na kama kuna karatasi niilete aisome. Alijua hakuna karatasi. Alijua ni kwa nini hakuna. Nilitaka kung'oa kioo changu niondoke nacho, na hapo ndipo nilipokumbuka nilivyokuwa mjanja: kioo kilikuwa ukuta, na ukuta ulikuwa wake. Simeoni alitazama chini. Simsingizii, hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameambiwa kuna chumba tayari.

Kiti hawakukipata. Nilivuka nacho njia, nikakiweka chini ya upenu wa ghala la kahawa, nikakaa juu yake, nikakitazama chumba changu mchana kutwa. Watu walikuja kunitazama mimi ninavyotazama. Hatimaye mzee Bagenda, mkulima wa hapo ambaye kibanja chake kinapakana na ghala, akaja na kata ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanipa ninywe.

"Ukiendelea kukodoa macho hivyo," akasema, "bati la watu litatoboka."

"Acha litoboke."

"Twende ukalale kwangu. Na hicho kiti nacho kina nafasi."

Nikakaa kwake siku tano nikisaga meno. Bagenda alikuwa mjane, alipika maharage yasiyoiva na kusema kidogo. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili. Siku ya gulio ikafika, ikawa ndiyo siku ya kufungua chumba cha Simeoni. Nikachukua jembe la Bagenda begani. Niliamua kuking'oa kioo kile mbele ya watu wote, na ukuta ukianguka uanguke, na wakinipeleka barazani wanipeleke.

Niliingia. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wamesimama ukutani wakishangaa nyuso zao kwenye kioo. Katikati, kwenye kigoda, alikaa Ta Rwezaura mwenyewe, mteja wa kwanza, ili kuibariki kazi, jani kavu limetandazwa chini ya miguu yake. Simeoni alikuwa amefika nusu. Mungu ananiona, sijawahi kuona kichwa kilichotendewa vile. Upande mmoja ulikuwa kama shamba lililopaliliwa na kuku. Nyuma kulikuwa na ngazi, daraja tatu, ungeweza kupanda. Mashine ilikuwa imeuma nywele na haitaki kuachia, na Simeoni anatoka jasho hadi kwenye koti. Ta Rwezaura aliniona kwenye kioo, mimi na jembe langu, na macho yetu yakakutana mle ndani ya kioo changu. Hakugeuka. Angegeukaje, na mashine imemshika?

"Kajuna," akasema kwa utulivu, "kaa usubiri zamu yako."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniokoa na jela. Nililiegemeza jembe ukutani, nikatoa wembe wangu na ngozi kwenye mfuko nilioutundika shingoni, nikamwambia Simeoni, "Sogea." Akasogea kwa shukrani. Nikaikwamua mashine, nikampaka Ta Rwezaura sabuni, nikaunoa wembe taratibu, kila mtu asikie. Nilimnyoa kipara, kwa kuwa kwa pale alipofikishwa hakukuwa na njia nyingine, na nilimnyoa vizuri kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Wembe ulipita shingoni mwake mara sita. Sikumkwaruza hata unywele wa sikio. Nilipomaliza nikafuta sabuni, nikainama, nikalikusanya jani lile na nywele zake zote, nyeusi na nyeupe, nikalikunja mara nne, nikalitia mfukoni mwangu.

Akanyoosha mkono. "Lete hilo, nitalitupa mwenyewe."

"Usijisumbue, Ta. Ni takataka tu. Umetufundisha mwenyewe kanisani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikachukua jembe, nikatoka.

Hebu fikiri hali yake. Angenidai nywele zake mbele ya watu, angekuwa amekiri kwamba anaogopa kama bibi kizee wa kijijini, yeye anayewakemea wenzake kila Jumapili. Asingezidai, angelala akijua mtu aliyedhulumiwa naye anazo mfukoni. Kesho yake alimtuma Simeoni kwa Bagenda aulize kama nimeokota jani fulani kwa bahati mbaya. Nikasema sijui jani lolote, Nyakatuntu ina migomba mingi. Siku ya pili akaja Ma Kemilembe na kapu la ndizi na samaki wa kukausha. Alikaa jikoni kwa Bagenda, akasonga moto, akapika mwenyewe kwa kuwa maharage yetu yalimhuzunisha.

"Amekutuma, Ma?"

"Amenituma nikusalimie."

"Hajambo?"

"Hali chakula. Anasema anaumwa mgongo, kisha kichwa, kisha goti. Jana kaniuliza kama amekonda." Akacheka hadi akashika kiuno. Halafu akaacha kucheka. "Nilisema mwandikiane. Nyote wawili mkanicheka."

Siku ya tatu, asubuhi, akaja mwenyewe na kofia kubwa. Shikamoo nilimpa, kwa kuwa hasira haiondoi shikamoo. Akakaa, akazungumzia mvua. Akazungumzia bei ya kahawa na ugonjwa wa kuku. Akazungumzia barabara. Nikamjibu yote. Neno nywele halikutoka kinywani mwake hata mara moja, na mimi sikumsaidia. Mwishowe akaweka kufuli na ufunguo kwenye nyasi kati yetu.

"Simeoni ameona kazi hii haimfai," akasema. "Miaka mitatu, kama tulivyosema."

"Tulisema?"

"Tulisema."

"Basi tuandike, Ta."

Tukaandika. Bagenda akawa shahidi, akaweka dole gumba. Ndipo nikampa jani lake. Alisimama, akatugeuzia mgongo, akalifungua akachungulia, nadhani kuona kama zimo zote, kisha akaenda zake bila kuaga. Nilicheka siku ile, nilicheka hadi usoni kukauma. Nilidhani nimeshinda.

Nikaingiza kiti. Nikachora mlangoni kwa mkono wangu: KINYOZI WA KISASA. Nikapanga kitana, makasi, poda, spiriti, vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi. Siku ya gulio nikasimama mlangoni tangu jua linachomoza. Hakuja mtu. Gulio la pili hakuja mtu. Walipita upande wa pili wa njia, wakanisalimia vizuri sana, kofia zimeshuka hadi masikioni. Akina mama waliwahamisha watoto wachanga kutoka mgongoni hadi kifuani wasinipite karibu. Gulio la tatu niliona nywele ambazo ndege wangetagia humo, na bado watu walinipita. Nilikaa kwenye kiti changu, nikajitazama kwenye kioo changu, nikanyoa ndevu zangu mara mbili kwa siku ili mikono isisahau.

Nikawakasirikia. Niliwaita wajinga, washenzi, watu wa giza. Niliwakasirikia zaidi kwa kuwa wao walikuwa wamekaa kimya nilipodhulumiwa, na sasa wananihukumu mimi. Ma Kemilembe ndiye aliyeniambia usoni. Alikuja kuniletea senene waliokaangwa, akakaa kwenye benchi la wateja, ambalo yeye alikuwa wa kwanza kulikalia.

"Unawaita wajinga bure," akasema. "Mume wangu alikudhulumu, wanajua. Lakini wewe ni kinyozi, na ulibaki na nywele za mtu. Ikiwa ulimfanyia hivyo mzee wa kanisa, Bagenda akikukosea kesho utamfanyia nini?"

"Nilizirudisha."

"Ulizirudisha ulipopata ulichotaka. Nani atakuja kukaa hapo akuinamishie shingo?"

Nilikula senene wake wote kwa hasira, hata miguu iliyobaki kwenye kapu, na alipoondoka nilikuwa bado natafuna. Hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoichukia. Ya Ta Rwezaura naweza kuisimulia nikicheka, hasira yake ni tamu. Hii haina utamu. Nilikuwa nimechukua kitu kimoja ambacho watu wale walimwamini kinyozi nacho, cheti changu mfukoni, nikakifanya fimbo. Na sikuwa nimekichukua nikiamini ni takataka. Niliamini kama wao. Ningekuwa siamini, ningeking'oa kioo.

Gulio la nne nilitoa kiti nje, nikakiweka katikati ya njia, mahali ambapo hata kipofu angekigonga. Nikamwita Simeoni, ambaye alikuwa sasa anapima kahawa kwenye ghala la mjomba wake. Alikuja na mashine yake. Nikatandaza jani kavu, nikakaa, nikavua kofia. Nilikuwa na nywele nzuri, nyingi, nimezichania njia upande wa kushoto, kazi ya miaka.

"Nyoa," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

Alinikata mara mbili nyuma ya sikio na mara moja utosini, na alama ya utosini ninayo. Watu wakazunguka, mizigo yao kichwani. Nilipoona jani limejaa nikasimama, damu inashuka shingoni, nikalikunja. Ta Rwezaura alikuwa amekaa na wazee wenzake kwenye benchi la ghala, amevaa koti lake la kanisani. Nikamwendea. Nikapiga goti kidogo, nikalishika jani kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mkubwa, nikampelekea. Sitadanganya, haukuwa unyenyekevu. Ningeweza kumng'ata.

"Ta," nikasema, sauti ifike kila mahali, "kaa nazo wewe."

Alilitazama lile jani. Wazee wenzake wakamtazama yeye. Angeweza kusema ni takataka, akalirushia kuku, na hapo ningekuwa nimekwisha. Nadhani alilifikiria hilo. Nililiona wazo likipita usoni mwake taratibu. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akafungua koti, akalitia mfuko wa ndani.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Utajua mwenyewe, Ta."

Nikarudi kwenye kiti, nikakifuta nywele zilizobaki, nikakiingiza ndani, nikasimama kando yake na wembe wangu. Muda ulipita mrefu sana, mbuzi wawili waliuzwa pale nje na kulipiwa. Halafu mlangoni kukaingia giza kidogo, alikuwa Bagenda, ana jani lake kwapani. Alikaa. Alilitandaza jani mapajani, akalinyoosha kwa kiganja kila pembe, akavua kofia, akanitazama kwenye kioo.

"Nyoa," akasema. "Ila polepole, maana bado umekasirika."